Mifupa ya Akika ya Zaitun

Tunduma nzima ilimjua kwa jina la Athuman Mnofu, na yeye alilichukia jina hilo kuliko njaa. Lakini jina la utani ni kama kupe, ukilikasirikia ndiyo kwanza linang'ang'ania. Bucha lake lilikuwa kando ya barabara ya kwenda Zambia, kibanda cha mabati chenye dirisha la wavu. Ukienda pale kutaka nyama ya kuchemsha, nyama yenye mfupa wa kunyonya uboho, Athuman alikutazama kama umemtukana mama yake. Aliuza mnofu mtupu. Mfupa alikupa mzimamzima, paja lote, ukalivunje mwenyewe kwako kwa shoka lako, tena mbali na masikio yake. Wamama wa Kinamwanga walimsema wazi: mchinjaji gani huyu, damu haogopi, anaogopa mfupa?

Damu hakuiogopa kweli. Alizaliwa Kondoa, na kisu alifundishwa na baba yake kabla hajabalehe. Alifika Tunduma mwaka mmoja baada ya Uhuru, juu ya lori, akidhani anapita tu kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba. Hakupita. Aliikuta nchi ya wakulima Wakristo, wenye ng'ombe zao na mbuzi zao, na Waislamu wachache waliokuja na biashara na malori, na kila shughuli ikitaka Mwislamu wa kuchinja ili asiwepo mgeni wa kuondoka na njaa. Akaitwa harusini. Akaitwa msibani. Akaitwa Krismasi. Kwa Wanyiha wa Hasamba na kwa Wanamwanga wa Msangano, shughuli bila Athuman ilikuwa mboga bila chumvi. Walimwita shehe, naye hata Juzuu Amma, ile wanayoanzia watoto wa madrasa, hakuwa ameimaliza. Wakati ule alikuwa mtu wa kucheka.

Nitakwambia aliacha lini kucheka, ila kwanza umjue Osea.

Osea alikuwa Mnyiha wa Ihanda, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, muuza kuni. Alikuwa na baiskeli moja, shoka moja, na maneno mengi. Ukimuuliza Osea ni saa ngapi, alianza na habari za jogoo wa babu yake. Athuman hakuwa na subira na maneno marefu, alimkatisha kila siku, na kila siku Osea alicheka na kuanza upya. Usiniulize urafiki wa namna hiyo unashikwa na nini. Walikuwa wakikaa nje ya bucha jioni, mmoja anasema, mwingine anamwambia fupisha, na hakuna aliyetaka kwenda kwake.

Mwaka ule Rhodesia ilipoifungia Zambia njia, mafuta yakaanza kupita huku kwetu, malori yakawa yanaunguruma Tunduma mchana kutwa na kukwama kwenye tope masika yote. Ndipo Mwanaisha, mke wa Athuman, alipojifungua. Walikuwa wamengoja mtoto mpaka majirani wakachoka kuuliza. Alizaliwa msichana, wakamwita Zaitun. Athuman tangu siku hiyo akawa Baba Zaitun, na ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa alikuwa hageuki.

Mama yake Mwanaisha, Bi Mwasiti, alikuja kutoka Kondoa kumhudumia mzazi, na ndiye aliyesimamia akika. Akika, kwa asiyejua, ni mbuzi anayechinjwa kumshukuru Mungu kwa mtoto. Na wazee wana desturi yao: nyama hukatwa kwenye maungio tu, hapigwi shoka mbuzi yule, hauvunjwi mfupa hata mmoja. Wakishakula, mifupa hukusanywa yote, ikafungwa kwenye kitambaa cheupe na kufukiwa. Huko ni kumtakia mtoto viungo vizima. Bi Mwasiti alilisema jambo hilo tangu alfajiri, akamwambia kila aliyeingia uani, mpaka watu wakawa wanamwona kwa mbali na kumwahi, "Tumesikia, bibi, mfupa hauvunjwi."

Athuman alichinja, akachuna, akatenganisha maungio kwa ncha ya kisu, taratibu, kama anayefungua vifungo vya shati la mtoto. Alipobakiza kazi ndogo akaingia ndani kunawa. Uani alimwacha Osea, aliyekuja na shoka lake kupasua kuni za kupikia. Paja la kulia la mbuzi lilikuwa juu ya gogo.

Akiwa ndani, maji yakimchuruzika mikononi, akasikia mlio. Mlio mmoja, mkavu. Ka!

Alitoka mbio. Osea alikuwa ameinama kwenye gogo, mkono mmoja una shoka, mwingine umeshika lile paja. Athuman alilinyakua paja akalitupa kwenye sufuria lililokuwa likichemka, hakulitazama. Hakuthubutu kulitazama. Osea akafungua kinywa, "Baba Zaitun, unajua, hili shoka tangu nilinunue..." Athuman akamwekea kidole mdomoni. Bi Mwasiti alikuwa hatua chache tu, anapepeta mchele. "Nyamaza," alisema Athuman kwa sauti ya chini. "Nyamaza kabisa, wala usiliseme tena."

Osea akanyamaza. Alidhani amekosea kupiga kelele mbele ya mkwe wa mtu.

Watu wakala, wakaomba dua. Bi Mwasiti akakusanya mifupa kwenye kitambaa, na Athuman alikaa dirishani anamtazama, akingoja apige yowe. Bibi hakupiga yowe. Alifunga fundo, akaenda kulifukia lile furushi lake la baraka chini ya mlimau nyuma ya nyumba. Athuman akajiambia, macho ya bibi yana ukungu siku hizi, hakuona. Baadaye bibi akarudi Kondoa, na haukupita muda mrefu akafariki, na jambo hilo akawa nalo Athuman peke yake.

Ilikuwa rahisi sana kumuuliza Osea. Neno moja tu. Lakini mtu akishaogopa jambo, haendi kuliuliza, huzunguka nalo.

Zaitun alikua, na kitu cha kwanza alichokijua duniani kilikuwa kukimbia. Alikimbia kabla hajajua kutembea vizuri. Athuman alikuwa akiutazama mguu wa kulia wa mtoto yule namna wengine wanavyotazama mawingu. Akipanda kitu, alishushwa. Akikimbia, aliitwa. Mwanaisha alimtania, "Baba Zaitun, tumfunge kamba kama mbuzi basi?" Hakujua amesema nini. Athuman alitoka nje.

Barabara ya lami ilipoanza kujengwa, mafundi walirundika magogo karibu na bucha. Unajua watoto na magogo. Siku hiyo Athuman alikuwa anamkatia mteja maini, akasikia. Ka! Mlio uleule, hauna tofauti hata kidogo. Kisu kikamdondoka kabla mtoto hajalia. Alijua bila kwenda kwamba ni mguu, na alijua ni upi.

Fundi wa mifupa alikuja, akaunyosha mguu, akafunga vijiti, akasema utapona, watoto mifupa yao mibichi. Kidonda kilikuwa kidogo tu, pale mfupa ulipotoboa ngozi. Athuman alikaa naye, kisha akavuka mpaka kwenda Isoka kununua ng'ombe, maana watu wanataka kula hata kama mwanao ameumia. Akiwa huko, taya za mtoto zikakaza. Pepopunda. Masika yalikuwa yamepamba moto na malori yamekwama foleni nzima, hakuna gari la kusogea. Osea ndiye aliyekuja na baiskeli yake. Mwanaisha akakaa nyuma, amempakata mtoto, na Osea akaisukuma baiskeli kwenye tope kuelekea hospitali ya misheni, akipita kando ya malori yaliyozama. Hawakufika. Zaitun alikata roho njiani.

Athuman alirudi akawahi maziko. Makaburini watu walikuwa wengi, Waislamu na wasio Waislamu, na kila mtu alikuwa na zamu yake ya kutupia udongo. Osea akainama, akachota udongo kwa mkono. Athuman akamshika kifundo cha mkono. Alimshika tu, akambana, mpaka udongo ukamwagika wote chini, nje ya kaburi. Watu waliona. Osea alimtazama machoni, kisha akainamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu anayoikubali, akaondoka. Hakukanyaga tena buchani.

Maalim Shaban, aliyekuwa akisomesha watoto madrasa, alimshika Athuman mkono wakirudi. Alimwambia habari ambayo kila mfiwa wa Kiislamu huambiwa: kwamba mtoto wa mja akifa, Mwenyezi Mungu huwauliza malaika, Mmelichukua tunda la moyo wa mja wangu? Wakasema ndiyo. Mja wangu kasemaje? Wakasema, kakuhimidi, kasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Hapo husema, Mjengeeni nyumba Peponi, muiite Nyumba ya Sifa.

"Kwa hiyo mzee, lia," Maalim alisema. "Mtume alipomzika mwanawe alilia. Ila ulimi useme linalomridhisha Mola. Sema Alhamdulillah. Mama wa mtoto ameshasema tangu njiani. Na uiseme mapema, maana subira ni ile ya pigo la kwanza."

Athuman alifungua kinywa. Palepale akasikia, ka! Akafunga kinywa. Angemshukuruje Mungu kwa kosa la Osea?

Basi hapo ndipo alipoacha kucheka, na hapo ndipo alipoacha kuvunja mifupa. Alikataza watu kumwita Baba Zaitun. Hata walipompata mtoto mwingine, Hamis, akika yake aliifanya amefunga mlango wa ua kwa komeo, peke yake, kijasho kinamtoka, na wageni wako nje wanasubiri kama wamekuja kituo cha polisi. Alisali vipindi vyote, alifunga, alitoa. Lakini akifika kwenye kuhimidi ndani ya sala, ulimi ulisema na moyo ulikaa kando. Yeye alijua. Na aliamini Mungu naye anajua.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa hiki. Alikuwa amesikia darasani msikitini kwamba watoto waliokufa wadogo watawangoja wazazi wao siku ya Kiyama, wawashike nguo zao, wasiziachie mpaka wameingia nao Peponi. Athuman aliona jambo hilo mchana kweupe, akiwa ananoa kisu, akiwa msikitini, akiwa anakula. Aliwaona watoto wengi wakija mbio na kila mmoja akidaka kanzu ya baba yake. Na nyuma kabisa alimwona Zaitun, anaburura mguu wa kulia, amenyoosha mkono, na umati unampita. Hamfikii. Kila mara hamfikii. Wakati mwingine alipita uani akasikia nyuma yake hatua ndogo, moja nzima na moja ya kuburuta, na hakugeuka, kwa sababu alijua akigeuka hakuna mtu, na hilo lingekuwa baya kuliko kumwona.

Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini, Osea naye aliambiwa shamba lake la pembezoni halifai kukaa mtu peke yake. Akachagua kurudi kwao Ihanda, kwenye kijiji cha ujamaa. Alipitisha mizigo yake mbele ya bucha juu ya baiskeli ileile. Alisimama kidogo barabarani, kama anayengoja. Athuman alikuwa ndani, anamwona kupitia wavu. Aliinama akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Mwaka uliofuata likaja tangazo: nyumba zilizo karibu na barabara zirudi nyuma, barabara inapanuliwa. Wapimaji walipita na rangi, wakaweka alama kwenye ukuta wa Athuman, na alama nyingine kwenye mlimau.

Mwanaisha alifungasha vyombo bila kulalamika. Halafu akasema, "Na mifupa ya Zaitun tunahama nayo."

"Mifupa gani? Zaitun yuko makaburini."

"Ya akika. Mama aliifukia chini ya mlimau. Sitaki malori yapite juu yake."

"Ile ni mifupa ya mbuzi, Mwanaisha."

"Ni mbuzi wa mwanangu."

Athuman alisema atachimba mwenyewe, yeye akae ndani. Lakini Mwanaisha alikuwa amemvumilia mume asiyemjibu kwa miaka, na siku hiyo uvumilivu ulikuwa umefika ukingoni. Akasema, "Utachimba, nami nitapokea." Akaenda akarudi na kitambaa cheupe kipya, akakaa kwenye kigoda karibu na mlimau.

Ilikuwa baada ya Alasiri. Athuman alichimba kwa jembe, kisha akaliweka jembe akachimba kwa mikono. Alikuwa amepanga kulitoa furushi lilivyo, na kulihamisha lilivyo, fundo la Bi Mwasiti lisifunguliwe. Lakini mchwa hawakungoja mipango yake. Hapakuwa na furushi wala fundo. Kitambaa kilikwisha kuliwa zamani na mifupa ilikuwa imelala wazi kwenye udongo mwekundu.

Alikaa pale ukingoni mwa shimo, akasema bila kumtazama mkewe, "Humo kuna mfupa uliovunjika."

Akamwambia. Alimwambia yote, shoka, mlio, kidole mdomoni, paja la kulia, magogo, makaburini. Mwanaisha alisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imechoka.

"Kwa hiyo ndiyo hiyo," alisema. "Miaka yote nimelala na mtu anayesikiliza mbuzi."

Akateremka shimoni mwenyewe. Akaanza kutoa mifupa mmoja mmoja, anaifuta kwa upindo wa kanga, anampa. Mbavu. Uti wa mgongo, pingili kwa pingili. Miguu ya mbele. Paja la kushoto. Kisha akampa lingine, na Athuman hakuhitaji kuambiwa ni lipi, mifupa ndiyo kazi yake. Alipitisha kidole gumba kutoka nyonga hadi goti. Akageuza, akapitisha tena. Akapitisha ukucha, akitafuta hata mstari, hata unywele. Hapakuwa na kitu. Mfupa ulikuwa mzima. Akapokea na muundi wake, mfupa wa chini ya goti, nao ni mzima. Mifupa yote ya mbuzi yule ilikuwa mizima kama siku aliyoumbwa.

Ungedhani alifurahi. Wala. Alikaa ameshika paja la mbuzi mapajani pake. Kwa sababu, fikiria mwenyewe: ule mfupa ulikuwa ndiyo nguzo yake. Alikuwa ameegemea hapo. Mtoto kafa kwa sababu mfupa ulivunjwa, mfupa ulivunjwa na Osea, basi. Sasa mfupa haukuvunjwa. Viungo vyote viliombewa uzima, kila kitu kilifanywa kama walivyosema wazee, na mtoto kafa.

"Sasa nani kamuua?" aliuliza.

"Hakuna aliyemuua," Mwanaisha alisema. "Siku zake zilikwisha."

Hapo Athuman akalia. Hakuwa amelia siku ya kuzika, watu walimsifu wakasema mwanaume huyo. Alilia sasa, na sauti ikatoka mpaka barabarani, na madereva wakageuza vichwa. Mwanaisha akapanda kutoka shimoni akakaa chini kando yake, udongo hivyohivyo, akamwekea mkono mgongoni.

"Lia," alimwambia. "Kwako wewe msiba umefika leo."

Kesho yake, baada ya kuifukia mifupa mahali papya, Athuman aliomba nafasi kwenye lori lililokuwa linapandisha kuelekea Mbeya, akashukia njia ya Ihanda. Alimkuta Osea nyumbani kwake, kwenye mstari wa nyumba mpya za kijiji zinazofanana zote. Alikuwa amekonda, mvi zimemwingia, na alikuwa anachonga mpini wa jembe. Alipomwona mgeni akasimama polepole.

"Karibu, Baba Zaitun," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu alipokataza. Athuman alikaa kwenye kigoda alichopewa.

"Osea. Siku ya akika, shoka. Ulikuwa unafanya nini?"

"Shoka?" Osea alilazimika kufikiri. "Ahaa. Lile shoka tangu nilinunue lilikuwa na mpini mbaya, wa mti usiofaa, aliyeniuzia alikuwa shemeji wa..." Akasita mwenyewe, kwa mazoea, akingoja kukatishwa. Athuman hakumkatisha. Osea akaendelea, kwa mshangao. "Basi likawa limelegea, nikaligongesha kwenye gogo ili likaze. Mpini ukapasuka, ka! Paja lilikuwa linataka kudondoka mchangani, nikalidaka. Nilitaka kukueleza ukanikataza."

"Mimi nilidhani umevunja mfupa."

"Wa akika? Bibi aliniambia tangu asubuhi haupigwi. Aliniambia hata kabla ya salamu. Ningeupigaje?" Kisha Osea akaliona jambo zima, na mpini aliokuwa anachonga akauweka chini. "Kwa hiyo siku ile kaburini, uliponishika mkono. Ilikuwa ni kwa ajili ya mfupa?"

"Ndiyo. Nilikudhulumu, ndugu yangu."

Osea alitikisa kichwa. "Mimi nilijua ni kwa ajili ya maji."

"Maji gani?"

"Mama Zaitun hakukwambia?"

"Hakuniambia maji yoyote."

Osea alitazama chini. "Njiani. Nilikuwa nimesukuma baiskeli tangu asubuhi, kifua kinawaka. Tukafika kijito. Nikasimama kunywa maji. Sikukaa sana, Baba Zaitun, lakini nilisimama. Nilichutama, nikanywa, nikanawa uso. Nikasikia raha. Nilipopanda kutoka mtoni, Mama Zaitun akaniambia kwa sauti ya chini, hakuna haja ya haraka tena. Tangu siku hiyo kila nikinywa maji naliona jambo hilo. Ningekaza mwendo, nisingesimama, labda angefika. Ndiyo maana uliponizuia udongo niliona ni haki yako."

Athuman alinyamaza. Na nisikufiche, alinyamaza vibaya. Maana hapa sasa palikuwa na mfupa mwingine, na huu ulikuwa umevunjika kweli, na mwenyewe ameuleta kwa mikono yake miwili. Angeweza kuupokea. Kifua chake kilikuwa kimeshazoea mzigo wa namna hiyo na mahali pake palikuwa wazi tangu jana. Angeondoka Ihanda na kitu cha kuegemea mpaka kufa kwake. Alimtazama Osea, akamwona mtu aliyekuwa akinywa maji kwa woga kwa muda uleule ambao yeye alikuwa akiuza nyama kwa woga.

"Osea," alisema. "Mtu hafi mpaka amalize riziki yake. Maji yale yalikuwa riziki yako, ukayanywa. Yeye ya kwake alikuwa ameimaliza. Hata ungekuwa na mabawa. Lililompata halikuwa la kumkosa. Mungu ndiye aliyetoa na Mungu ndiye aliyechukua, Alhamdulillah."

Alilisema kumtuliza mwenzake, na lilikwisha kutoka ndipo akalisikia. Akasikilizia kama ule mlio unakuja. Ndani ya nyumba mke wa Osea alikuwa anachochea moto. Jogoo aliparua karibu na mlango. Akarudia neno lile, mara hii kwa ajili yake mwenyewe, na machozi yakamshuka bila sauti, akayaacha yashuke.

Osea hakuelewa yote, lakini alielewa ya kutosha. Alipenga kamasi, akamkamata yule jogoo, akamletea Athuman pamoja na kisu, kama zamani. "Chinja, shehe," alisema. "Nisije nikakulisha kitu kisichokuhusu."

Walikula pamoja, ugali na kuku, sahani moja. Osea alikuwa ameanza tena habari ya shemeji aliyemuuzia shoka, na alikuwa bado hajafika kwenye shoka lenyewe, alipong'ata mfupa wa bawa kwa meno ukavunjika. Akasimama katikati ya neno. Alimtazama Athuman kwa hofu, mfupa uko mdomoni.

Athuman akachukua paja la kuku lililokuwa upande wake. Akalila mpaka mfupa ukabaki mweupe, akaushika kwa mikono miwili, akauvunja.

"Endelea," alisema, na akanyonya uboho. "Huyo shemeji ikawaje?"